Majina ya Watu wa Kaskazini: Miaka Yangu ya Kuhariri Historia ya Uchina

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa kalamu nyekundu na karatasi moja iliyopigwa chapa, nikaambiwa nitafute humo neno litakalomuumiza mtu. Ilikuwa Julai ya mwaka 2008, baridi ya Johannesburg inang'ata vidole, na ofisi ya wachapishaji wa vitabu vya Kiswahili ilikuwa ghorofa ya tatu ya jengo kuukuu katikati ya mji. Chini waliuza mablanketi kwa jumla. Ghorofa ya pili palikuwa na kanisa la Wakongo, na kwaya yao ilifanya mazoezi hata siku za kazi, hivyo tulihariri vitabu huku sakafu ikitetemeka kwa ngoma.

Nilikuwa na miaka hamsini na minne. Nyumbani Bujumbura nilikuwa mwalimu wa historia. Hapa Afrika Kusini nilikuwa nimeuza nyanya na kufua nguo za watu. Miezi miwili kabla ya siku ile, mwezi wa Mei, sisi wageni tulikuwa tumefukuzwa majumbani na wenyeji kwa sababu ya lafudhi zetu, na nililala wiki tano kwenye sakafu ya ukumbi wa kanisa kabla sijapata chumba mtaa wa Bertrams. Kwa hiyo kalamu ile niliishika kama mtu aliyeokota kitu chake kilichopotea.

Aliyenipa alikuwa Mhariri Mkuu, mama wa Kimombasa mwenye miwani mbili, moja puani na nyingine kichwani. Sote tulimwita Madamu. Karatasi ilikuwa na aya moja kuhusu ule ukuta mrefu wa Uchina. Iliandikwa hivi: Wachina walijenga ukuta ili kuwazuia washenzi wa kaskazini.

Nikakata neno "washenzi".

"Vizuri," akasema Madamu. "Sasa utaweka nini?"

"Jina lao."

"Jina lao nani?"

Mimi niliyefundisha historia miaka kumi na moja sikujua watu wale waliitwaje.

"Basi kajue, Mwalimu. Hiyo ndiyo kazi."

Nilishuka ngazi mbili mbili hadi maktaba ya mji. Jioni nilirudi nikihema, nimeandika kwenye kiganja kwa sababu daftari lilijaa: Waxiongnu. Watu wa farasi na mifugo, waliokuwa na watawala wao, nyimbo zao na mikataba yao na mfalme wa Uchina. Madamu alikisoma kiganja changu, akacheka, akaniambia nije kesho saa mbili.

Ninyi mnaoingia kazi hii leo mnafanya kila kitu kwenye kompyuta, kwa hiyo nieleze kidogo tulivyofanya. Mswada, yaani maandishi ya mwandishi kabla hayajawa kitabu, ulikuja kwetu umechapwa upande mmoja wa karatasi. Mwaka wa kwanza niliwekwa kuwa msomaji pruf. Pruf ni kurasa za majaribio zinazotoka kwa mpangaji chapa. Unazisoma neno kwa neno, rula chini ya mstari, usije ukaruka herufi. Mwaka wa pili nikapandishwa kuwa mhariri msaidizi, nikapewa sherehe, ile orodha ya maneno magumu mwishoni mwa kitabu. Mwaka 2010, wakati mji mzima unapuliza vuvuzela za Kombe la Dunia na mtaa wetu wa karibu na uwanja haukaliki kwa kelele, Mkurugenzi aliniita ofisini kwake.

Mkurugenzi alikuwa Mtanzania, fundi mitambo ya uchapaji aliyejinyanyua mwenyewe hadi kumiliki kampuni. Hakupenda maneno mengi.

"Kuna wakala anayenunulia vitabu shule za Kiswahili huko kwetu," alisema. "Anataka kitabu cha historia ya Uchina kwa wanafunzi wa sekondari. Watu wake wote, siyo wafalme tu. Mwandishi ametuachia mswada mbovu, amekwenda zake. Uandike upya wewe."

Nilitoka humo nikitembea kama msichana. Uchina nzima! Nikafika kwenye robot, zile taa za magari pale kona, taa ikawa kijani, ikawa nyekundu, ikawa kijani tena, na mimi bado nimesimama nikipanga sura za kitabu kichwani.

Shida ya kwanza ilikuwa neno moja. Mswada uliwaita Wamanchu, Wahui, Watibeti na wengine wote "makabila madogo", na Wahan walio wengi ukawaita "Wachina". Madamu aliniwekea sheria ambayo naifuata mpaka leo. "Mfaransa unamwita kabila?" aliniuliza. Nikasema hapana. "Basi neno unalompa Mmanchu liwe ndilo utakalothubutu kumpa Mfaransa." Tukakubaliana kutumia "jamii" na "watu", tukaliandika katika mwongozo wa mtindo, lile daftari la kanuni za nyumba ya uchapishaji linalosema kila neno liandikweje. Tukaandika humo pia kwamba jina geni lielezwe matamshi mara ya kwanza tu, kama Xianbei, tamka Shienbei.

Shida ya pili ilikuwa kubwa zaidi, nayo ni toni. Toni ni ile sauti ambayo msomaji anaisikia nyuma ya maneno: kama mwandishi anadharau, anabembeleza, anaogopa au anaheshimu. Mswada wa zamani ulidharau. Mimi, kwa kuukimbia, niliandika sura yangu ya kwanza kwa sukari tupu. Watu wa Uchina, niliandika, waliishi pamoja tangu kale kama ndugu wa tumbo moja, kila mmoja akimletea mwenzake zawadi ya utamaduni wake. Niliipenda sentensi ile. Niliisoma kwa sauti nikijipikia.

Ilikuwa desturi yetu kupeleka kila sura kwenye usomaji wa majaribio, yaani kuwasomea watu wa kawaida kabla ya kuchapa. Jumapili moja tulikwenda kitongoji cha Diepsloot, kwenye uwanja wa nyuma wa spaza, duka dogo la mtaani, ya Mrundi mwenzangu. Walikuja watu kama ishirini: wauza duka, walinzi waliokuwa mapumzikoni, wasusi. Nikawasomea. Walipiga makofi ya adabu. Kisha akasimama fundi cherehani kutoka Bukavu, Fundi Kazadi, mtu mrefu mwenye futi ya kupimia shingoni.

"Mama, ninaomba kusema bila kukukosea heshima."

"Sema, Fundi."

"Sisi kwetu tulisomaka vile vile. Kitabu kilisema tuko ndugu. Siku nyumba zetu zinaungua, kitabu kilikuwa mezani, kinasema tuko ndugu." Akavuta futi yake kwa mikono miwili. "Hawa Wachina hawakupiganaka hata siku moja?"

"Walipigana," nikasema.

"Wanapigania nini?"

"Ardhi. Kodi. Dini. Nani atawale."

"Sasa mbona hukuandika? Unatuona watoto?"

Nilikunja karatasi zangu, na njia nzima ya kurudi mjini na Madamu maneno ya yule fundi yalikuwa yamenirudisha darasani Bujumbura.

Nitawaambia kitu ambacho sikumwambia mtu kwa miaka mingi. Wakati nafundisha, amri ilikuwa kwamba nchini hakuna Mhutu wala Mtutsi, sote ni Warundi. Niliandika hivyo ubaoni kila mwanzo wa mwaka, kwa mwandiko mzuri. Na wanafunzi wangu walikuwa wanahesabiana kimyakimya, nani ni nani, dawati kwa dawati. Siku moja msichana anayeitwa Béatrice aliinua mkono. "Mwalimu, kama sote ni kitu kimoja, baba yangu walimchukua kwa nini?" Nilimwambia akae chini, hilo halimo kwenye somo. Alikaa. Muhula uliofuata hakurudi, na sijui aliko.

Sentensi yangu ya ndugu wa tumbo moja ilikuwa ndiyo ile ile ya ubaoni. Nilikuwa nimeihamishia Uchina tu.

Jumatatu asubuhi niliichana sura yote. Madamu aliona vipande kwenye kapu, akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia hapana, naanza upya, na nataka kumpata mtu ambaye haya mambo ni ya kwao. Alinielekeza Cyrildene, mtaa wa Wachina ulio juu ya kilima upande wa mashariki, siyo mbali na kwangu. Nikaenda kwa miguu, nimebeba orodha ya majina ambayo sikujua kuyatamka.

Niliingia mgahawa mmoja mdogo uliokuwa na maandishi ya Kiarabu juu ya mlango. Mzee mmoja alikuwa anavuta unga kwa mikono miwili, anaukunja, anauvuta tena, mpaka ukawa nyuzi nyembamba za tambi. Nikamsalimu kwa Kiingereza changu cha kubahatisha. Akaniangalia kilemba, akanisikiliza lafudhi, kisha akasema:

"Habari gani, mama? Karibu chakula."

Nusura nidondoshe orodha.

"Unajua Kiswahili!"

"Kidogo kidogo. Mimi fanya kazi reli. Tanzania, Mlimba. Miaka tatu. Mimi kijana, kula ugali sana!" Akacheka mpaka unga ukamrukia usoni.

Huyo ndiye Bwana Ma. Alikwenda Tanzania akiwa kijana na mafundi wa reli ile ya kwenda Zambia, na miaka mingi baadaye maisha yakamleta Johannesburg. Alikuwa Mhui, yaani mmoja wa Wachina Waislamu wa kaskazini magharibi. Nilimuuliza ajieleze yeye ni nani, nikategemea atachagua.

"Mimi Mchina," alisema. Akainua kidole cha pili. "Mimi Mhui. Mbili. Hapana shida."

Kwa miezi minane nilikwenda kwake kila Jumanne baada ya saa za chakula. Alinitamkia majina, mimi nikamsahihishia Kiswahili. Siku nilipomuuliza habari za vita vya Wahui na majeshi ya mfalme wa Uchina, vya zama za babu zake, alifuta meza ambayo tayari ilikuwa safi.

"Unaandika hii kitabuni?"

"Ukiniruhusu."

"Mama ya babu yangu, yeye mtoto. Kijiji yake kwisha. Watu yake kwisha. Yeye na mama yake kimbia kwenda Gansu." Akaonyesha kwa mkono umbali ambao mkono haukutosha. "Lakini mama mmoja Mhan ficha yeye ndani ya ghala siku nne. Andika hii pia. Zote mbili. Usiache moja."

Nilirudi nyumbani mbio. Sikungoja hata kuvua koti. Niliandika nimesimama mezani, na kwa mara ya kwanza sentensi zilitoka bila dharau na bila sukari. Niligundua kwamba ninaandika kama mtu anayesimulia habari za majirani mbele ya wajukuu zao: huwezi kuwatukana kwa sababu wamekaa hapo, wala huwezi kuwadanganya kwa sababu wanajua. Mpaka leo, kijana akiniuliza toni ya kuandikia habari za watu mbalimbali, namwambia amchague mjukuu mmoja, amjue kwa jina, amweke kwenye kiti mbele yake.

Sura niliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya Waxianbei. Hao walitoka kaskazini, wakatawala sehemu kubwa ya Uchina, na miaka elfu na mia tano iliyopita mfalme wao mwenyewe akaamuru waache mavazi yao, waache lugha yao pale kwenye baraza lake, na wabadilishe majina ya koo zao yawe ya Kihan. Wengine walitii kwa furaha. Wengine walikasirika kwa vizazi kadhaa. Niliandika pande zote mbili, nikaacha hapo.

Mwanzoni mwa mwaka 2012 pruf za mwisho zikawa mezani. Utaratibu ulitaka mhariri atie sahihi ukurasa wa mbele ndipo kitabu kiende mtamboni. Siku hiyo hiyo Mkurugenzi aliingia na barua ya wakala.

"Amesoma," akasema. "Anataka tuondoe vita vya Wahui na habari za kubadilisha majina. Anasema watoto wanahitaji kitabu cha furaha. Weka mapenzi na amani, Mwalimu, utie sahihi, tumalize."

"Siwezi, Mzee."

"Huwezi au hutaki?"

"Nilishaandika hivyo ubaoni miaka kumi na moja." Na hapo, mbele yake na mbele ya Madamu, nikasimulia habari ya Béatrice yote. Sauti ilinitoka kwa nguvu kuliko nilivyokusudia, hata kwaya ya chini ikanyamaza, au labda walikuwa wamemaliza wimbo.

Mkurugenzi alikaa kwenye kiti cha wageni. Alizungusha barua mikononi.

"Mimi ni mtu wa mitambo," akasema mwishowe. "Nionyeshe watu wa kawaida wanaosikiliza kitabu hiki. Jumamosi. Nikiona wanaumia bure, utatoa. Nikiona vingine, nitajua la kumwambia huyu bwana."

Jumamosi ile ukumbi wa kanisa pale Bertrams ulijaa kuliko nilivyotarajia. Fundi Kazadi alipanda teksi mbili kutoka Diepsloot na kukaa mstari wa mbele. Bwana Ma alifunga mgahawa, akaja na mke wake. Mkurugenzi alisimama nyuma kabisa, amefumbata mikono. Watoto wetu, waliozaliwa huku, walikaa chini wakinong'ona Kizulu. Nikasoma sura ya Waxianbei kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Nilipomaliza tu, msusi mmoja Mrundi, Espérance, akasimama akiwa amemshika bintiye bega.

"Mimi kazini naitwa Thandi, kama mtu wa hapa," alisema. "Tangu mwaka ule wa 2008. Wateja hawajui. Binti yangu huyu ndiye anayenifundisha kutamka maneno ya Kizulu." Akamgeukia binti. "Hukujua kwa nini. Basi ndiyo hiyo."

Ukumbi ukalipuka. Mmoja akasema Espérance amefanya vizuri, maisha kwanza. Mwingine akasema jina ni la mababu, halibadilishwi. Mama mmoja akapaza sauti kwamba yule mfalme wa Waxianbei alikuwa na akili kuliko wote, jirani yake akamjibu kwamba alikuwa msaliti. Eish, nimefundisha miaka mingi, lakini sijawahi kuona watu wakigombana kwa ajili ya mfalme aliyekufa zamani namna ile, na kila mmoja akigombana anasema habari zake mwenyewe! Binti wa Espérance, ambaye kila siku alijibu Kiswahili cha mama yake kwa Kiingereza, aliuliza kwa Kiswahili kilichokatikakatika: "Hao watu... majina yao ya kwanza, bado yapo? Mtu anajua?"

"Baadhi yapo," nikamjibu. "Yameandikwa. Nitakuonyesha."

Fundi Kazadi alinijia akanishika mikono yote miwili. "Sasa mama," alisema, "sasa unatusemesha kama watu wakubwa."

Nikamtafuta Mkurugenzi kwa macho. Alikuwa ameacha mahali pake pa nyuma, yuko katikati ya watu, anabishana na mwalimu wa ile kwaya ya Wakongo, vidole hewani.

Jumatatu alimpigia wakala simu mlango ukiwa wazi ili tusikie. "Kitabu kinabaki kilivyo," alisema. "Ukikikataa nitakiuza Nairobi na Lubumbashi. Ukiwa na shaka, wape walimu wako wakisome, halafu unipigie." Akakata. Madamu alihamisha miwani ya kichwani akaivaa juu ya ile ya puani, na nikajua amefurahi. Wiki tatu baadaye wakala alikubali, akaomba tu tuongeze ramani. Niliichora ramani ile kwa siku mbili bila kuona njaa. Nilipotia sahihi yangu kwenye pruf, kalamu ilitoboa karatasi.

Nilihariri vitabu vingine vitatu baada ya hapo, nikafundisha wasomaji pruf wawili, mmoja wao ndiye amechukua meza yangu. Nimestaafu mwaka huu wa 2014. Macho hayapendi tena herufi ndogo, na ngazi za ghorofa tatu zimekuwa ndefu.

Vijana huniuliza kama sijutii kuingia kazi hii uzeeni. Najuta jambo moja tu, kwamba sikuingia mapema, wakati bado nina ubao na darasa. Kazi hii haimzuii mtu kumpiga jirani yake. Sijawahi kuona kitabu kikisimama mlangoni na kuwazuia watu wenye mapanga. Lakini nimeona ukumbi mzima wa watu waliozoea kujificha wakisema majina yao kwa sauti, na nimemwona mtoto akiuliza swali akajibiwa. Mhariri akipata siku moja kama hiyo katika maisha yake, amelipwa.

Siku ya kuniaga Madamu aliniletea keki, na chini ya keki boksi la karatasi tupu. "Watu wa Maziwa Makuu," alisema. "Warundi, wote, kwa majina yao. Hatuna kitabu hicho. Nimetafuta mwandishi miaka minne, kila mmoja anaogopa."

"Na mimi naogopa, Madamu."

"Najua. Ndiyo maana nimekuletea wewe."

Naandika asubuhi, dirishani, jua la Bertrams likiwa mezani. Jana nimemaliza sura ya pili. Nimeisoma yote kwa sauti, na hakuna mahali nilipomwambia mtu akae chini.